Simu ya mbunge imebeba siri zetu pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wabunge wenyewe wanaona haya kuligusa, kwa kuwa atakayeligusa ataambiwa ana la kuficha. Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge inapomchunguza mbunge, iruhusiwe kuona nini ndani ya simu yake?

Julai 2019 hatujaisahau. Sauti za mazungumzo ya simu ya wanasiasa wa CCM, akiwamo Nape Nnauye aliyekuwa mbunge wa Mtama, zilizagaa WhatsApp nchi nzima, vijiweni watu wakisikilizishana. Tulibishana nani kasema nini. Nani kazinasa, na kwa idhini ya nani, hilo tukaliacha lipite. Septemba Nape akaenda Ikulu kuomba radhi. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi, na sijaona mahali ilipoandikwa "isipokuwa mbunge".

Lakini, Mhariri, wasiwasi wangu hasa ni sisi tunaomwandikia. Nesi wa zahanati akipiga picha leja ya dawa, inayoonyesha dawa zimetoka na mgonjwa hakuzipata, hamtumii mganga mkuu wa wilaya. Anamtumia mbunge, kisha anafuta kwenye simu yake. Kwa mbunge imebaki. Siku mbunge huyo anaitwa Dodoma kujibu tuhuma za kauli aliyoitoa mkutanoni, simu ikafunguliwa mezani mbele ya wajumbe, nesi naye amefunguliwa. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa tunayo tangu 2015, ila haitamsaidia kitu kama jina lake limeshasomwa na watu kumi.

Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inairuhusu kamati kumtaka shahidi alete nyaraka. Ilitungwa mwaka 1988, kabla simu za mkononi hazijafika nchini. Faili ukiliagiza unaletewa faili. Simu ukiiagiza umeagiza mke, daktari, wakili na jimbo zima.

Marekani walishalikuta hili. Mwaka 1993 Kamati ya Maadili ya Seneti ilitaka shajara za Seneta Bob Packwood wa Oregon, aliyelalamikiwa na wanawake wengi kwa unyanyasaji wa kingono. Alipogoma, Seneti ilipiga kura 94 kwa 6 kumpeleka mahakamani, na akashindwa. Hata hivyo aliruhusiwa kuziba mistari inayohusu wakili wake, daktari wake na familia yake, na mwanasheria wa nje, Kenneth Starr, akapewa kazi ya kuhakiki kama kilichozibwa kilistahili kuzibwa. Packwood hakupona kwa hilo. Mwaka 1995 kamati ilipendekeza afukuzwe, akajiuzulu. Iligundulika pia kwamba alikuwa amezichezea baadhi ya kumbukumbu hizo, kwa hiyo wanaosema mbunge aachwe achague mwenyewe cha kuonyesha nao nawakatalia.

Kanuni za Bunge ziseme hivi: pasipo amri ya mahakama inayotaja tuhuma, tarehe na watu wanaohusika, simu ya mbunge isiguswe. Amri ikitoka, nakala ichukuliwe siku hiyohiyo, ikabidhiwe jaji mstaafu asiye na kadi ya chama chochote. Yeye ndiye asome, azibe yasiyohusu, na wajumbe waletewe yaliyobaki tu. Wengi wao ni wa chama kimoja, na mbunge anayechunguzwa anaweza kuwa mpinzani wao au mshindani wa mmoja wao kwenye kura za maoni. Na ule mtindo wa kumwambia mtu "kama huna cha kuficha, toa namba ya siri" upigwe marufuku kabisa, kwa sababu siri za nesi si mali ya mbunge hata aweze kuzitoa kwa hiari.

Mpiga kura,
Morogoro