Kaka, raba ni ileile

Kaka,

Shikamoo. Barua hii naianika hadharani makusudi, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Juzi ulisema miaka yote hiyo Seattle hujafanya kitu cha kumwonyesha mtu. Ndege unazozikokotolea uwezekano wa kuharibika zinatua, abiria wanashuka na mabegi yao, basi. Huku majirani wameshakuvisha urubani, na tumechoka kukanusha.

Hebu kumbuka likizo yako ya mwisho. Pampu ya kisima chetu, hizi Afridev zilizojaribiwa hapahapa Kwale miaka ya 1980, ilikuwa imenuna kama kawaida yake. Watu walitaka uifungue, wewe ukaomba daftari. Wazee wakaguna: mhandisi gani huyu hataki spana? Ukachora mistari kwa rula ya mwanangu: tarehe ya kuharibika, kilichoharibika, tarehe ya kupona. Kisha, chini ya mkorosho, ukatusimulia habari za Challenger, chombo cha anga za juu cha Wamarekani. Asubuhi ya 28 Januari 1986 kulikuwa na baridi ya nyuzi 2 hivi. Raba za kuziba maungio ya roketi ya kusukumia zikakakamaa, moto ukapenya, na sekunde 73 baada ya kuruka wakapotea watu 7. Usiku wa kuamkia siku hiyo mhandisi Roger Boisjoly na wenzake walikuwa wameomba safari iahirishwe, kwani baridi kali kuliko zote waliyowahi kurushia ilikuwa ya nyuzi 12. Wakubwa hawakukubali.

Mama muuza mihogo akauliza, "Kwa hiyo ni raba tu?" Ukamjibu: ni raba, na watu walioambiwa wasisikie.

Jana nimelisoma daftari. Karibu kila mstari, safu ya pili imeandikwa "raba ya pistoni". Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja, lakini ukihesabu tarehe, pampu ililala wiki mbili, mara nyingine tatu. Kinamama waliliona hilo kabla yangu, wakaongeza safu ya nne ambayo wewe hukuichora: "pesa alikuwa nazo nani". Safu hiyo ndiyo iliyomwondoa mweka hazina! Sasa raba mbili za akiba zinakaa kwenye kopo nyumbani kwa muuza mihogo, na ufunguo wa kisanduku cha michango anao yeye.

Sijui kama huko kazini mna safu kama hiyo. Waulize wenzako.

Boisjoly alipoacha kazi alizunguka vyuoni akiwasimulia wanafunzi wa uhandisi yaliyotokea usiku ule. Wewe wanafunzi wangu wa kidato cha tatu umewakataa mara mbili, eti huna la kusema. Safari hii utazungumza nao Alhamisi, saa kumi jioni ya huku. Kwako itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo lala mapema. Muuza mihogo naye anakuja, na daftari analo yeye.

Nduguyo