Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeanza kufundisha Kasulu

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba umefika Kasulu salama na umekabidhiwa Biolojia ya kidato cha kwanza na cha pili. Umeniuliza uwafanyeje wanafunzi ambao Jumatatu huitikia kwa sauti moja "tumeelewa, mwalimu", na ikifika Ijumaa hawakumbuki hata kazi ya chembe nyekundu za damu. Hilo ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana, alichapisha mwaka 1885 kwamba mengi tuliyojifunza hutupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua.

Ninakusihi jambo moja: punguza muda wa kuwanakilisha notisi, uongeze muda wa kuwadai wakumbuke. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanachuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuvitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio waliotia fora, lakini baada ya wiki moja waliachwa nyuma. Kurudia kusoma hutuhadaa, walimu kwa wanafunzi, kwa kuwa kilichozoeleka machoni hudhaniwa kimekwisha kuingia kichwani.

Basi kipindi chako kianze madaftari yakiwa yamefungwa. Andika ubaoni maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, kwa mfano: damu itokayo kwenye mapafu huingia chumba kipi cha moyo? Kila mmoja ajibu kimya kwenye kipande cha karatasi, kisha wasahihishane na jirani. Pasiwe na alama wala fimbo (najua wapo watakaokucheka ofisini), kwani mtoto anayeogopa kuchapwa huishia kuuchunga mkono wa mwalimu na jibu humponyoka.

Wa kidato cha kwanza, ambao ndio kwanza wanahamia Kiingereza, waruhusu wajieleze kwa Kiswahili au hata Kiha kabla hujawadai istilahi za mtihani. Kutafuta neno na maana kwa mara moja ni mzigo mkubwa mno.

Mwanzoni majibu yatakuwa mabovu, nawe usibadili mpango kwa sababu hiyo. Ukishuka Ujiji wakati wa likizo, niletee karatasi chache za wale wanaokaa nyuma, tuzipitie pamoja.

Mjomba wako