Wenye studio, tuzilinde picha asili

Ndugu Mhariri,

Nina studio ya picha hapa Mwanga, Kigoma, tangu mwaka 2003. Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye studio, na wateja wetu pia, kuhusu tabia ya kukata na kurekebisha picha ya mtu kisha kuiseivu palepale, juu ya ile ya asili.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alinijia binti kutoka Kasulu. Baada ya shikamoo alikaa, akafungua mkoba, akanipa kikaratasi chenye mwandiko wangu mwenyewe: namba ya picha, na mwaka 2012. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Siku hiyo niliwapiga wanaume sita wamesimama gatini, nyuma yao MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa hapa vipande vipande. Watatu walilipia wakachukua picha zao. Baba yake alisema atapitia mwisho wa mwezi, hakupitia. Sasa ni marehemu, na nyumbani hawana sura yake isipokuwa ile ya kadi ya kupigia kura, nayo imefifia.

Niliitafuta namba kwenye kompyuta, nikaipata. Nilipoifungua alikuwamo mtu mmoja tu, nyuma yake rangi ya bluu, na mtu huyo hakuwa baba yake.

Nilikumbuka. Mwaka 2014 mmoja wa wale sita alifariki, familia yake ikataka picha ya kuweka kwenye fremu ya msiba. Kijana wangu wa studio alimkata yule marehemu peke yake, akaondoa meli na wenzake watano, akaweka bluu, akaseivu. Alifanya nilivyomfundisha. Tulikuwa tunatumia Picasa, programu ya kupanga na kurekebisha picha, na Picasa ilikuwa na busara yake: ukiseivu, iliihamishia picha asili kwenye folda iliyofichwa iitwayo .picasaoriginals, humohumo ndani ya folda yako. Mimi sikulijua hilo. Kompyuta ilipojaa tulifungua folda, tukachagua picha zote tulizoziona, tukazipeleka kwenye diski ya nje, kisha tukafomati kompyuta. Tusizoziona zikafutika.

Google waliiacha Picasa mwaka 2016, lakini bado naiona kwenye kompyuta za wenzangu. Ndugu zangu, kabla hamjahamisha kitu, iamuruni kompyuta ionyeshe folda zilizofichwa. Huenda picha za watu zimo humo na hamjui.

Sisi tulioanza na filamu tulikuwa na kinga bila kuitambua. Negativu, yaani kile kipande cha filamu tunachosafishia picha, ilikaa kwenye bahasha yake. Uikate picha, uikuze, uipake rangi, negativu haiguswi. Siku hizi faili ni lilelile, ndilo negativu na ndilo picha ya mteja, mpaka wewe mwenyewe uamue kuvitenganisha.

Ziko programu zinazotenganisha. Lightroom hailigusi faili la kamera. Inaandika maagizo kwenye katalogi yake: ongeza mwanga, kata hapa, punguza wekundu. Picha ya mteja inazaliwa pale unapoitoa nje ya programu. Ila katalogi nayo ni faili, na wengi tunanakili picha tukaisahau. Ikiharibika, picha asili zitabaki lakini kazi ya miaka ya kuzirekebisha imekwenda. Na ukihamisha picha kwa kupitia folda za Windows, programu ikiwa haina habari, itakuambia faili halipo. Hamisha ukiwa ndani ya programu.

Kwa asiye na fedha ya kulipia kuna digiKam, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti kufanya kazi. Ukirekebisha, inatengeneza faili jipya lenye _v1 mwisho wa jina na kuliweka pamoja na la asili. Hapo vijana wetu wanakosea kwa namna nyingine: wanaona picha mbili zinazofanana, wanafuta moja ili kupata nafasi, na mara nyingi wanachagua iliyo nzito zaidi. Hiyo nzito mara nyingi ndiyo ya asili.

Kuhusu JPEG, ile aina ya faili la picha inayotumika zaidi, kunakili faili hakulipunguzii kitu. Kulifungua, kulibadilisha na kuliseivu upya, tena na tena, ndiko kunakolila kidogo kidogo.

Wateja nao nawaomba: mnapotuletea picha ya marehemu kwa WhatsApp, msiitume kama picha ya kawaida. WhatsApp inaipunguza, na tarehe iliyoandikwa na kamera ndani ya faili inapotea. Itumeni kama hati, au njooni na simu yenyewe tuihamishe kwa waya. Na mnapolipia picha, ulizeni asili iko wapi. Msiogope kutuuliza.

Mimi sasa kadi ya kamera ikiingia, picha zote zinakwenda kwenye folda ya ASILI ya mwaka huo, na mafaili yake nayafunga yasomeke tu. Nakala ya pili iko kwa dada yangu huko Gungu, maana maji au mwizi akiingia studio ataondoka na vyote vilivyomo. Picha iliyohaririwa inabeba namba ya asili na herufi mbele yake. Kijana haanzi kazi kabla hajanakili.

Yote haya hayamsaidii binti wa Kasulu. Ndiyo maana naandika kwako, Mhariri, kwa sababu gazeti linafika ninakoshindwa kufika mimi. Nilisafisha nakala tatu za picha ile, ukubwa wa postikadi: wanaume sita gatini Kigoma, mwaka 2012, Liemba nyuma yao, mmoja ameshika kofia mkononi. Nyuma ya kila nakala kuna muhuri wa studio na namba. Mwenye nayo, iwe ukutani au kwenye albamu, namwomba ailete Mwanga niiskani mbele yake, bila malipo, na aondoke nayo saa ileile. Huyo aliyeshika kofia ndiye baba yake.

Mpiga picha,
Mwanga, Kigoma