Kompyuta Ikisema Presha ya Reli Iko Chini, Usikimbilie Kununua Pampu

Simu tunazopokea gereji kwetu hapa Kigoma siku hizi zinafanana: "Fundi, gari limepimwa kwa kompyuta, imetoka P0087. Mna pampu?" Pampu tunaweza kukutafutia. Ila namba hiyo haisemi kwamba pampu imekufa. Inasema tu kuwa kompyuta ya gari iliagiza presha fulani kwenye reli ya mafuta, ikapata pungufu. Aliyeipunguza, kompyuta haimjui. Anaweza kuwa pampu kweli, lakini pia anaweza kuwa filta, mpira uliopasuka, nozo inayopuliza dizeli kwenye silinda, valvu, sensa, au kitambaa kilichozama ndani ya tangi. Tofauti ya gharama kati ya kitambaa na pampu unaijua mwenyewe.

Tunazungumzia injini za dizeli zenye nozo za umeme, yaani komoni reli: Hilux za injini ya 1KD na 2KD, Hiace za dizeli za rika hilo, na malori mengi ya miaka ya karibuni. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ, kama zile zilizojaa Kasulu na Kibondo, injini yako haina reli hiyo wala sensa yake. Wewe endelea na safari.

Kwenye komoni reli, pampu inashindilia dizeli ndani ya bomba nene la chuma, ndiyo reli yenyewe, na nozo zote zinachota humo. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, presha huwa karibu MPa 30, sawa na bar 300. Ukiwa na mzigo mlimani inapita bar 1,000, na injini nyingi za aina hii hufika 1,600. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kidogo. Kwa hiyo tunaomba sana: ule mtindo wa zamani wa kulegeza paipu za nozo injini ikiwaka, ili kusikiliza silinda ipi haifanyi kazi, usiruhusu mtu aufanye kwenye gari lako. Dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, mtu anajifuta na kuendelea na kazi, kumbe mafuta yako ndani ya nyama na mkono unaweza kukatwa. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

Sisi kazi tunaianzia tangini, si kwenye reli. Chukua malalamiko yanayotufikia zaidi: gari linakwenda vizuri tambarare, lakini likipandisha Manyovu na mzigo, taa ya injini inawaka na nguvu zinakatika. Dereva anazima, anawasha, linaondoka kama halikuwa na ugonjwa, mpaka mlima unaofuata. Gari la namna hiyo tunaliendesha huku mashine ya kusoma kompyuta ikiwa imeunganishwa, tukitazama namba mbili kwa pamoja: presha iliyoagizwa na presha iliyopatikana. Zikilingana gari likiwa limesimama, halafu ya pili ikaanza kubaki nyuma kadiri unavyokanyaga, mara nyingi pampu haina kosa. Ina kiu. Mafuta hayaifikii ya kutosha.

Hapo tunafunga geji ya mvuto kabla ya pampu, na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Geji ikionyesha pampu inavuta kwa shida, kuna kuziba nyuma: filta, chujio la tangini, au paipu iliyobonyea kwa jiwe. Mapovu yakipita kwenye mpira, mfumo unavuta upepo, na hilo huwa ni klipu iliyolegea, mpira uliochanika au oringi ya filta iliyofungwa vibaya. Kinachowachanganya wengi ni kwamba palipo na tundu la upepo huenda pasidondoke hata tone la dizeli, kwa sababu upande huo unavutwa, hausukumwi. Utatafuta uchafu wa mafuta chini ya gari usiuone.

Huku kwetu madumu yana mchango wake. Ukiishiwa mafuta katikati ya Uvinza na Kaliua utajaza dizeli ya dumu, hakuna wa kukulaumu. Lakini dumu huja na maji, mchanga na vipande vya nailoni. Chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na ukifika fungua koki ya chini ya filta utoe maji. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni balaa jingine. Pampu na nozo hizi hazina oili yake ndani, zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua faida ya uchakachuaji, na kuchanganya kukapungua, lakini dumu la kando ya barabara halina risiti.

Upande wa tangi ukiwa safi ndipo tunageukia nozo. Dalili yake ni tofauti: gari linawaka asubuhi, ila likishapata moto unapiga stata mpaka betri inachoka. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapita kirahisi kwenye nozo iliyolika na kurudi tangini, na kompyuta hairuhusu nozo kufunguka mpaka reli ifike presha yake ya kuwashia, ambayo kwa injini nyingi iko kati ya MPa 15 na 25. Tunachomoa mipira ya kurudishia mafuta, tunaweka chupa moja kwa kila nozo, tunaacha injini ingurume, kisha tunalinganisha. Chupa moja ikijaa wakati wenzake wako robo, mwenye kosa umempata, na wewe mwenyewe utaziona chupa. Usikubali kubadilishiwa nozo zote nne bila kipimo hiki. Nozo mpya nayo ina namba ndefu kichwani ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyeiingiza anakuachia injini inayogonga na kutoa moshi.

Injini ikipanda na kushuka yenyewe bila kukanyagwa, tunashuku valvu iliyo kwenye pampu, ile mafundi wanayoiita SCV. Ikinata, presha inaweza kushuka au hata kupanda kupita kiasi, ndiyo namba P0088. Hii inabadilishwa peke yake kwenye pampu nyingi za Toyota, pampu ikabaki.

Sensa ni rahisi. Gari lililolala usiku kucha, ufunguo ukiwashwa bila kupiga stata, linatakiwa lisome karibu na sifuri. Likisoma MPa 20 wakati injini ni baridi, sensa au waya wake unadanganya. Waya uguswe kwanza. Panya wa Kigoma wanapenda sana waya za injini.

Habari mbaya ni moja tu: tukikata filta na kukuta unga wa chuma unaong'aa. Hapo pampu inajisaga, na unga umeshasafiri mpaka kwenye nozo. Kufunga pampu mpya bila kusafisha tangi, paipu na reli ni kuiua nayo.

Kupima kunalipiwa, hata kama matengenezo utayafanya kwingine. Wapo wanaolalamika, tunawaelewa, ila kipimo cha barabarani na cha chupa kinakula nusu siku ya fundi. Bei tunakutajia kabla ya kufungua boneti. Lilete gari jioni lilale kwetu, tangi likiwa na mafuta angalau robo, na usikubali mtu afute namba za kompyuta kabla hujafika. Kama umeshabadilisha filta, usiioshe ile ya zamani. Ifunge kwenye mfuko na dizeli yake uje nayo.