Mbwa hawa tunawafuga au tunawafunga?

Mhariri,

Hapa Manyatta, Kisumu, mbwa wengi hufungwa mnyororo mchana kutwa, kisha usiku hufunguliwa walinde boma. Chakula ni makombo ya ugali. Maji, mtu akikumbuka. Akimng'ata mtoto wa jirani, tunasema ni mkali. Asiwe mkali vipi, na hajawahi kutembezwa hata siku moja?

Linalonitia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Lakini chanjo ipo: mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Paka naye asisahaulike. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo tu. Kupaka mafuta ya taa si dawa (mama yangu bado anabisha).

Serikali ya kaunti ituletee chanjo mitaani Jumamosi, watoto wakiwa nyumbani. Wao ndio mbwa wetu huwatii.

Mfugaji wa mbwa wawili,
Manyatta, Kisumu