Jeneza halina bei elekezi: uliza haya kabla hujalipa

Petroli ina bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Nauli ya basi la kwenda Tabora iko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Jeneza halina anayelipangia bei. Hapa Kigoma mjini, fundi wa Mwanga anataja yake, wa Ujiji anataja yake, na mtu aliyefiwa usiku wa kuamkia leo hana nguvu ya kuzunguka mji akilinganisha. Sisi tunaotengeneza na kuuza majeneza tunalijua hilo, na wapo wanaolitumia vibaya.

Wateja wetu wengi hudhani kwamba kwa kuwa msiba una karatasi nyingi za serikali, basi hata muuza majeneza anatazamwa kwa jicho hilohilo. Si hivyo. Serikali inausimamia mwili na taarifa za kifo. Karakana yetu inachukuliwa kama biashara nyingine yoyote: leseni ya halmashauri, kodi ya TRA, na mbao ziwe na vibali vya TFS, wakala wa misitu. Kama jeneza uliloambiwa ni la mninga ni mninga kweli, au ni paini iliyopakwa vanishi nyekundu, hilo unaachiwa wewe na macho yako. Linyanyue upande mmoja. Mninga una uzito wake. Kisha tazama kitako kwa nje, maana huko vanishi mara nyingi haifiki.

Anayetumwa kununua kwa kawaida si mtoto wa marehemu. Ni shemeji, au jirani aliyekabidhiwa michango na kamati ya msiba, na jioni ataulizwa fedha zimekwendaje. Kwa hiyo TRA wanaposema "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", kwa shemeji huyo si kaulimbiu tu. Risiti ndiyo inayomlinda mbele ya ukoo. Adai na mchanganuo pia: jeneza peke yake, gari peke yake, msalaba peke yake. Bei ya jumla inayotajwa kwa mdomo, "tutakufanyia kila kitu", ndiyo inayozaa ugomvi siku ya kuanua matanga.

Kwa familia za Kiislamu tunasema wazi: jeneza la kununua si lazima. Mnahitaji sanda, na la kubebea lipo msikitini. Atakayekuambia vinginevyo anatafuta mauzo.

Sasa karatasi, ambazo hatuna mamlaka ya kuziruka. Aliyefia hospitalini, kwa mfano Maweni, taarifa ya kifo na kibali cha mazishi huanzia hapohapo. Aliyefia nyumbani, nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Kifo cha ajali au cha ghafla chenye utata, polisi kwanza. Gari letu haliondoki kabla yao, hata kama waombolezaji wameshakaa chini ya turubai. Kifo kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 30, na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili, hufuatiliwa kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Watu huzika wakasahau, kisha mirathi inapofika mahakamani, au NSSF wanapodai cheti, ndipo mbio zinaanza. Familia zinazovusha mwili kwenda Burundi au Kongo zianze na konseli zao, zote zipo hapa mjini.

Ziwa Tanganyika lina mambo yake. Mwili wa kwenda Kagunga kaskazini, au Buhingu na Kalya kusini, mara nyingi unapanda boti, na boti ya kukodi inaweza kukugharimu kuliko jeneza lenyewe. Upepo wa kusini ukivuma kiangazi, nahodha mwenye akili atakuambia usubiri, na kila siku ya kusubiri mochwari inaendelea kuhesabu. Uliza mapema nani analipia kuchelewa huko. Kwetu, gharama ya mochwari ni ya familia. Ya boti tuliyokodi sisi ni yetu.

Liko jambo moja ambalo halina mjadala. Kipindupindu kilipolipuka Kagunga mwaka 2015 miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, na homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa kwa jirani zetu Kagera mwaka 2023 na tena 2025, mazishi hayakubaki mambo ya ukoo peke yake. Kwa vifo vya namna hiyo afisa afya ndiye anayeelekeza: ndugu hawaoshi mwili, jeneza halifunguliwi kwa kuaga. Tumeombwa "tulegeze kidogo tu" ili mama amwone mwanawe. Inauma, lakini hatulegezi, hata ukituongezea fedha.

Ukija kwetu, bei tunaiandika kabla ya kupokea shilingi yoyote. Ichukue karatasi hiyo, kaionyeshe kamati, na mkipata nafuu Ujiji, nunueni Ujiji.