Fundi, fungua C tuone kabla hujafuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa kompyuta wa hapa Mwanza, pamoja na sisi tunaowapelekea mashine.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wachuuzi wa dagaa, Mwaloni Kirumba. Hesabu zetu ziko kwenye laptopu ya kikundi, na kila giza lina folda yake, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika na sisi tunafunga hesabu. Nani kachukua magunia mangapi, nani anadaiwa, hisa za nani zimefika wapi: vyote nilivipanga dekstopu ili nivione kila nikiwasha.

Mwezi wa nne mashine ikawa nzito, nikaipeleka kwa fundi mjini. Akasema lazima apige Windows upya, yaani ule mfumo unaoendesha kompyuta. Diski ya ndani ya mashine ile imegawanywa sehemu mbili, C na D. Akauliza, "Mama, vitu vyako viko D?" Nikamjibu vimo humo ndani. Hakufungua kuangalia. Jioni nikarudishiwa laptopu nyepesi, dekstopu tupu, na D ambayo haijawahi kuwekwa kitu.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vile tunavyoviona dekstopu vinakaa ndani ya C, kwenye folda ya Users, chini ya jina la mtumiaji. Documents na Downloads nazo ziko huko huko. Windows yenyewe inakaa C, kwa hiyo fundi akiifuta C, anafagia na vya kwako. (Herufi A na B zilikuwa za disketi za zamani, ndiyo maana diski ya ndani inaanzia C.)

Kilichotuokoa ni flashi niliyonakilia Januari. Nayo nilipoichomeka, kila folda ilikuwa shotikati, yaani njia ya mkato tu na si folda yenyewe, yenye kimshale pembeni. Nikataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Kijana wa jirani akanizuia: "Mama, usizibofye hizo, ndizo zinazoamsha kirusi." Akafungua This PC, akabofya kulia kwenye flashi, akachagua Properties. Gigabaiti 3 zimetumika, nyingi zikiwa picha zetu za risiti. Nafasi imeliwa, basi vitu vimo; kirusi kilikuwa kimezificha tu. Akaandika amri ya attrib, ya kufichua vilivyofichwa, kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, na folda zikajitokeza na majina yake: Giza la Novemba, Giza la Desemba, Giza la Januari. Nililia pale pale.

Ndugu zangu mafundi, kabla hamjafuta, mketisheni mwenye mashine kando yenu. Ingieni C mpaka kwenye jina lake, mwulizeni kimoja kimoja kama ni chake, mnakili, ndipo mpige hiyo Windows. Ni dakika chache. Nanyi mnaofundisha kompyuta, msianze na kuchapa barua. Anzeni na barua hiyo inakwenda kukaa wapi.

Hesabu za Februari na Machi hazikuwa kwenye flashi. Tunaziandika upya kutoka kwenye madaftari ya kina mama. La mmoja wao liliroa mtumbwini, halisomeki; deni lake la magunia sita tulilijua yeye na mimi tu. Alisimama mwenyewe mbele ya kikundi akalitaja.

Katibu wa kikundi,
Mwaloni Kirumba, Mwanza